Sarufi na Ufahamu wa Inkishafi: Uchambuzi wa Sentensi Moja

Mazoea ya kutenga somo la lugha na somo la fasihi yamezaa imani kwamba sentensi ya mhakiki, ikisharekebishwa upatanisho wake wa kisarufi, huwa imesahihika. Imani hiyo yafaa ipimwe kwa mfano. Ichukuliwe sentensi ya namna hii: "Shairi ya Inkishafi, ambayo iliandikwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inaongelea juu ya kuanguka kwa mji wa Pate."

Kosa la kwanza ni dhahiri. Nomino "shairi" ni ya ngeli ya LI-YA, nayo hudai "la", "ambalo" na "li-". La pili ni la kauli: "kuongelea" ni kitenzi cha kutendea ambacho tayari kimebeba maana ya "kuhusu", hivyo "juu ya" ni ziada. Msahihishaji akiishia hapo, mwanafunzi hurudishiwa sentensi yenye sarufi safi ambayo bado inaupotosha utungo.

Neno "shairi" lina maana mbili. Kwa maana pana ni utungo wowote wenye sanaa ya ushairi. Kwa maana finyu ya wanamapokeo ni bahari moja, ambayo kawaida yake ni mishororo 4 ya mizani 16. Mishororo ya Inkishafi ina mizani 11, na kina cha kituo hakibadiliki kutoka ubeti hadi ubeti. Hata jina la "utenzi" halikai sawasawa, kwani mizani ya utenzi wa kawaida ni 8. "Utungo" ni neno salama zaidi.

"Kuandika" nako kuna utata. Tungo za Lamu na Pate zilihifadhiwa kwa hati za Kiarabu, zikanakiliwa na waandishi mahiri kama vile Muhammad Kijuma wa Lamu. Katika mapokeo hayo, mwandishi si lazima awe ndiye mtunzi. Kitenzi kifaacho ni "kutunga".

Kosa kubwa zaidi limo katika kiarifu. "Kuanguka" kwa mji humfanya msomaji atafute habari za vita na kutekwa, ilhali utungo unaonyesha majumba ya matajiri yaliyobaki na popo, ndege na wadudu. Tena, "kuongelea" kumemfuta msemeshwa. Mtunzi hasimulii historia ya mji. Anausemesha moyo wake ulioghafilika, na Pate ni ushahidi anaoutoa. Jina lenyewe, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kufunuka.

Huenda ikasemwa kwamba hayo ni ya fasihi, wala si ya sarufi. Lakini nani anasema, anamwambia nani, na kwa kutumia nini, ni maswali ya kiima, shamirisho na chagizo. Sentensi iliyosahihishwa kikamilifu ingekuwa: "Katika Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonya moyo wake kwa kuuonyesha magofu ya Pate." Hapo upatanisho umetengemaa, na moyo umerudishwa mahali pake. Mwalimu asahihishaye ngeli peke yake humfundisha mwanafunzi kukosea kwa ufasaha.