Brackenhurst: Msitu wa Asili Ulivyorudi Mahali pa Mikaratusi

Tangu mwaka 2000, pale Brackenhurst, Tigoni, katikati ya mashamba ya chai ya Limuru, Kenya, Mark Nicholson na wenzake wamekuwa wakiondoa mikaratusi na misaipresi na kuotesha miti ya kiasili. Leo msitu huo una takriban hekta 40, wenye mamia ya aina za miti na vichaka vya Afrika Mashariki, na ndege wameongezeka sana. Kampeni zetu nyingi za kupanda miti hujivunia hesabu ya miche. Kwangu mimi, swali la kwanza ni mti gani unaopandwa, na mbegu yake imechumwa wapi.

Chukua muiri, Prunus africana. Gome lake hutengenezwa dawa ya tezi dume inayouzwa Ulaya, na mti ukichunwa shina zima hufa umesimama. Tangu 1995 biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, ila udhibiti peke yake haurudishi muiri mahali ulikokwisha. Lazima uoteshwe, na mbegu yake haipendi kuwekwa akiba. Tunda likiiva, likageuka jekundu lililokoza, huchumwa, nyama husuguliwa na kuoshwa, kisha kokwa husiwa likiwa bado bichi. Ukilianika likakauka kabisa, umelipoteza. Kwa hiyo mtu wa kitalu hana budi kujua miti mama iko wapi na huzaa lini, tena achume kwenye miti kadhaa iliyo mbalimbali. Miche ya mti mama mmoja ni ndugu watupu. Ugonjwa mmoja waweza kuimaliza yote.

Kuandaa ardhi nako kuna jasho lake. Kisiki cha mkaratusi huchipua, hivyo machipukizi huondolewa tena na tena. Miti inayokua haraka na kustahimili jua, kama mkinduri na mutundu, hufunika ardhi na kuzidi nguvu nyasi; ile ipendayo kivuli hupata pa kukulia chini yake. Baadaye ndege wala matunda huleta mbegu ambazo hakuna mtu aliyezipanda, na hapo msitu huanza kujiendesha.

Hekta 40 haziwezi kuokoa miti yetu yote iliyo hatarini. Lakini miti iliyokomaa hapo ni chanzo cha mbegu kwa misitu mingine, na hiyo ndiyo thamani kubwa ya msitu huu. Kaunti na mashirika yanayonunua miche msimu huu wa mvua, tafadhali: kabla ya kuuliza bei, ulizeni jina la mti na mahali mbegu ilipochumwa.