Skuld Hakuulizwa

Kwanza tumalizane na neno. Watu wa kale wa Skandinavia waliwaita álfar, viumbe wanaofanana na binadamu na wanaoweza hata kuzaa naye. Nikiandika "alfu" utadhani nahesabu, nikiandika "majini" utasikia harufu ya udi. Basi nitasema maalfa, anayetaka kunicheka na acheke.

Hekaya ya Mfalme Hrolf Kraki, ya huko Iceland, nimeisoma mara mbili katika tafsiri ya Kiingereza ya Jesse Byock iliyotoka mwaka 1998. Mara ya kwanza kwa raha, mara ya pili kwa hasira.

Ni usiku wa Yule, sikukuu ya katikati ya majira ya baridi. Helgi, mfalme wa Denmark, anasikia hodi. Mlangoni pana mwanamke wa matambara, anatetemeka. Mfalme anamwingiza, hata ukingo wa kitanda anampa. Akigeuka, kumbe matambara yamekuwa hariri! Ni alfa aliyelaaniwa na mama wa kambo, na sasa amefunguliwa. Anataka kwenda zake. Helgi anamzuia, anamlala bila ridhaa. Mama anaagiza jambo moja tu: mwakani, majira kama haya, uje kwenye banda la merikebu kwa ajili ya mwanao.

Helgi akasahau. Alisahau, bwana!

Baada ya miaka 3 wanakuja watu juu ya farasi usiku, wanamtua mtoto wa kike. Anaitwa Skuld, anasema mama, na ukoo wako utalipa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Msimulizi anatuambia kwamba mtoto alikuwa katili tangu udogoni, basi, imetosha. Tukimwona tena ni mke wa Hjörvard, mchawi, anakuja na jeshi la maalfa kumwua Hrolf, nduguye kwa baba. Eti damu ya kialfa! Mbona Hrolf mwenyewe Helgi alimzaa na Yrsa, binti yake wa damu, bila kujua? Huyo hatiwi doa, anaitwa shujaa. Kama ni damu, tuipime yote kwa mzani mmoja.

Tena tazama hesabu. Hrolf alimfanya Hjörvard kuwa mlipa kodi kwa hila ya kumshikisha upanga. Skuld anamshauri mumewe waombe kodi isimame miaka 3, ilipwe yote kwa mkupuo. Miaka 3 ileile. Na wanaingia Lejre lini? Yule. Nionavyo mimi, msimulizi alijua vizuri deni ni la nani, ila alipofika kwa mtoto akaona uvivu.

Wapo waliofanya vizuri zaidi. Katika hekaya ya Thidrek, iliyoandikwa Norway karne ya 13, Hogni ni mwana wa malkia na alfa. Akiwa na miaka 4 wenzake wanamtania kwa sura yake. Anakwenda kujitazama majini, anauona uso wake umepauka kama majivu, anarudi kumwuliza mama. Ni mistari michache tu. Lakini baadaye Hogni akiua, mimi bado namwona yule mtoto ameinama juu ya maji. Skuld hakupewa hata dimbwi.

Labda nalisema hili kwa uchungu. Nimelelewa na bibi, na "mwakani baba yako atakuja" niliisikia mpaka nikaacha kuulizia. Lakini na mimi sina mikono safi. Katika riwaya ninayoiandika yumo binti wa aina hiyo, na nilimpa macho ya nyoka toka sura ya kwanza, maana ni rahisi, msomaji anaelewa haraka. Wiki iliyopita nimezichana kurasa 12. Naanza upya pale anapotuliwa mlangoni, usiku, kabla hajasema neno.