Krafti ya Nani? Keg, Muthokoi na Mtama wa Kiboko

Ukitaka bia na chakula cha mchana kwenye baa ya kawaida nchini Kenya bila kuvunja sheria, safiri wikendi. Sheria ya vileo ya 2010, ambayo wengi wetu bado tunaiita Sheria ya Mututho, inaruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana Jumamosi na Jumapili. Ndiyo maana sahani yangu ya mbuzi hapa Kiboko ililetwa saa nane na dakika chache, sambamba na kikombe cha keg, huku malori ya Mombasa yakitikisa meza.

Kiboko iko kwenye barabara kuu, ukishapita Emali na Simba, kabla ya Makindu. Wasafiri wengi wanaijua kwa Hunter's Lodge, bwawa lake na migunga yake ya manjano. Jina hilo si mapambo. J. A. Hunter, Mskoti aliyeanzisha mahali hapo, ndiye aliyetumwa na serikali ya kikoloni kuua vifaru Makueni katika miaka ya 1940 ili ardhi ifunguliwe kwa makazi. Aliua karibu elfu moja. Na bia maarufu zaidi nchini, Tusker, iliitwa hivyo kumkumbuka George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, aliyeuawa na ndovu 1923. Yaani ukikaa hapa na Tusker mkononi, umezungukwa na wawindaji pande zote. Mimi niliagiza keg.

Niliagiza keg kwa sababu nilikuwa nimechoka na neno moja: krafti. Nairobi sasa ina viwanda vidogo vya bia vinavyojulikana. Kuna Bateleur, jina la ndege, tai pungu. Kuna 254, namba yetu ya simu. Kuna Sierra. Nimekunywa bia zao na sina ugomvi nazo. Baadhi ni tamu kuliko chochote kinachotoka kiwanda kikubwa. Ninachobishana nacho ni mazungumzo yanayozizunguka, yale ya menyu na ya marafiki zangu, kwamba eti hii ndiyo bia "ya hapa", bia yenye udongo na mikono ndani yake. Udongo upi, buda?

Ng'ambo ya barabara, kwa namna ya kusema, kuna jibu. Kiboko ina kituo cha utafiti cha KALRO, na wataalamu wa ICRISAT wamefanya kazi ya mbegu hapo kwa miaka mingi. Mojawapo ya mazao yanayojaribiwa katika joto hili ni mtama. Aina iliyobadilisha mambo Ukambani inaitwa Gadam, mtama mfupi wenye asili ya Sudan, punje nyeupe, unaokomaa ndani ya miezi mitatu hivi, kabla mvua haijakukimbia. Una tanini kidogo, na hiyo ndiyo sifa anayoitaka mtengeneza bia. Ndiyo pia sifa wanayoipenda kwelea. Mkulima wa Gadam huamka alfajiri kufukuza ndege kwa sababu ileile inayofanya bia yako isiwe chungu. Hakuna lebo niliyowahi kusoma inayosema hivyo.

Mtama huo ukaingia kwenye Senator Keg. EABL waliizindua 2004, serikali ikasamehe ushuru ili watu wa kipato cha chini waache pombe hatari. Kisha 2013 ushuru ukawekwa, asilimia 50, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, na mkulima aliyekuwa amepanda akabaki na magunia. Mei 2014 pombe yenye methanoli ikaua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Kitui ikiwemo. Sisemi jambo moja lilileta lingine moja kwa moja. Nasema tu kwamba kwa watu wa huku bei ya kikombe haikuwa suala la ladha. Mwaka wa 2015 serikali ikalegeza ushuru tena.

Sasa ladha. Keg ya kwanza ilikuwa baridi sawasawa, nyepesi, na utamu fulani wa nafaka unaobaki nyuma ya ulimi. Ya pili ilikuwa imepoteza gesi, imelala kama uji wa jana. Mbuzi alikuwa mzuri: mafuta yamekauka ukingoni, chumvi kando, kachumbari yenye pilipili ya kweli. Lakini nyota wa meza alikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe hadi kila punje ijitegemee. Nilimuuliza mama aliyepika nani alikoboa.

"Ni mimi, na kinu. Kwani ulidhani ni mashine?"

"Asante, mwaitu."

"Kula, kijana. Bia itakungoja."

Huyo hataitwa fundi na jarida lolote, hata hili. Na hapo ndipo mzizi wa malalamiko yangu. Ukambani kulikuwa na bia ya mikono kabla ya kiwanda cha kwanza nchini kuanza 1922. Inaitwa uki. Asali, maji, na tunda la mwegea, muatine kwa Kikamba, lililokaushwa na kubeba hamira yake kutoka pombe moja hadi nyingine. Kibuyu kinawekwa karibu na moto, na aliyepika anajua kwa harufu na sauti kama imeiva. Ilikuwa ya wazee na ya posa, si ya vijana kama sisi kujibamba. Sheria ya 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa na kuleta leseni na viwango, lakini mtu wa kibuyu kimoja atapata wapi pesa za leseni na maabara? Kwa hiyo kazi ileile, hamira ya mwitu, kiasi kidogo, ladha inayobadilika kila mara, Nairobi inauzwa kwa fahari na kijijini inamwagwa na askari.

Meza ya pili alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya jua, keg yake imefika nusu. Nilimuuliza kama anapanda Gadam.

"Nilipanda. Sasa napanda pojo. Pojo ndege hawaitaki."

Akainua kikombe kukiangalia dhidi ya mwanga, akanywa, akarudi kwa gazeti lake.