Kisa cha Nje Ni cha Nani? Uwakilishi katika Filamu ya "Tales from the Hood"

Mwanafunzi akiulizwa kuhusu uwakilishi katika kazi ya sanaa, mara nyingi huanza kuhesabu: wanawake wangapi, weusi wangapi, maskini wangapi. Hesabu hiyo ina manufaa yake, lakini haimwambii msomaji nani anasimulia. Naomba tuitazame hoja hii kupitia filamu za kutisha, utanzu ambao wahakiki wetu huupita kana kwamba hauna maudhui.

Filamu ya mkusanyiko huwa na visa kadhaa vya ndani vinavyobebwa na kisa kimoja cha nje, muundo tunaoufahamu vizuri kutoka Alfu Lela Ulela. Katika Dead of Night (Uingereza, 1945) yumo msanii mweusi, Elisabeth Welch. Anaonekana, anaimba, lakini hapewi kisa. Kwa hesabu yupo. Kwa usimulizi hayupo.

Tales from the Hood ilitolewa Marekani mwaka 1995, ikiongozwa na Rusty Cundieff, na Spike Lee akiwa mtayarishaji mtendaji. Vijana watatu wanaingia katika jumba la kuandalia maiti kutafuta dawa za kulevya. Mwenye jumba, Bwana Simms (Clarence Williams III), anawatembeza humo huku akiwasimulia visa vinne. Hapa mweusi ndiye anayeshika kisa cha nje, na papo hapo kinachotisha kinabadilika. Katika kisa cha kwanza polisi weupe wanamuua mwanasiasa mweusi aliyefichua uovu wao. Mtazamaji wa 1995 hakuhitaji kuelezwa. Rodney King alipigwa na polisi wa Los Angeles mwaka 1991, nao wakaachiliwa na baraza la mahakama mwaka 1992. Cha pili kinahusu mtoto anayemchora mpenzi wa mama yake kama zimwi. Ni kifupi, nami nakiona dhaifu kidogo.

Cha tatu ndicho kitamu. Duke Metger, mwanasiasa aliyewahi kuwa mfuasi wa Ku Klux Klan, anaishi katika jumba la shamba ambamo watumwa waliuawa. Roho zao zimo ndani ya wanasesere. Ukutani ipo picha kubwa ya mwanamke aliyewatengeneza, na kila mwanasesere anapotoka kuwinda, nafasi yake katika picha hubaki tupu. Tazameni pia kwamba Metger ameajiri mshauri mweusi wa kumsafishia sura mbele ya wapiga kura. Filamu yenyewe, basi, inautania uwakilishi wa pambo: mweusi amewekwa mbele ili mambo yabaki yalivyo. Mshauri huyo ndiye wa kwanza kufa, kwa kuanguka ngazini.

Kisa cha nne kinawageukia weusi wenyewe. Muuaji mweusi anafungwa karibu na mbaguzi mweupe anayemsifu kwa kazi nzuri, kisha anaonyeshwa picha halisi za weusi walionyongwa na makundi ya weupe. Filamu iliyotaka kuwapamba watu wake isingethubutu hivyo. Kwangu mimi hapo ndipo penye uwakilishi.

Hata hivyo, mwanamke wa ile picha, Miss Cobbs, hapewi nafasi ya kujisimulia. Habari zake tunazipata kwa wanaume.

Je, XX (2017) inaliziba pengo hilo? Visa vyake vinne vimeongozwa na wanawake, akiwemo Karyn Kusama, ambaye kisa chake cha mama na mwana ndicho bora. Lakini kisa cha nje, kazi ya Sofia Carrillo wa Mexico, ni katuni ya wanasesere isiyosema neno na isiyogusa visa vingine. Inapendeza kuitazama. Ila visa vinne vimepangwa bega kwa bega kama wageni wasiojuana, na hakuna mwanamke anayewaita vijana ndani, kufunga mlango na kuwaambia waketi wasikilize, kama alivyofanya Bwana Simms.