Kesi ya Mwalimu Goso: Kicheko cha Mahakamani katika Hadithi ya Unguja

Hadithi ya Mwalimu Goso imo katika mkusanyo wa Edward Steere, "Swahili Tales", uliochapishwa London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Aghalabu huhesabiwa kuwa hadithi ya watoto, mnyororo wa maneno usio na maana zaidi ya kuchekesha. Sisi twaiona ni kesi, na kicheko chake ni cha mahakamani. Huenda si bure kwamba mkusanyaji mwenyewe, kabla ya kuwa kasisi na kufika Unguja mwaka 1864, alisomea sheria na kukubaliwa kuwa wakili mwaka 1850.

Mambo yenyewe ni haya. Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa alikuja kuiba mabuyu, na buyu moja likamwangukia mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakamzika, kisha wakaondoka kumtafuta muuaji. Wakamkamata kusi, wakampiga. Kusi akajitetea kuwa yeye huzuiwa na kiambaza. Kiambaza nacho kikasema hutobolewa na panya. Shauri likapita kwa paka, kamba, kisu, moto, maji, ng'ombe na kuendelea, mpaka likamfikia paa. Paa akanyamaza, wakamwua.

Ucheshi wa kwanza ni katika mshtakiwa wa kwanza. Msikilizaji wa Nungwi, katika ncha ya kaskazini ya Unguja, ambako majahazi huundwa pwani, hamwoni kusi kuwa kiumbe cha ndotoni. Huvuma tangu Aprili hivi mpaka Septemba, na mvuvi humlaumu kila siku. Kumshtaki ni jambo la kawaida; kumpiga ndiko kunakochekesha.

Ucheshi wa pili ni mkali zaidi. Wanafunzi wauliza habari ya tendo: nani aliyeangusha buyu? Washtakiwa wajibu habari ya nguvu: ningekuwa mimi, mbona fulani hunishinda? Hakuna hata mmoja asemaye kwamba hakuwapo mbuyuni, wala hakuna aulizwaye. Hata hivyo jibu lakubaliwa kila mara, na fimbo yahamia kwa mwingine. Hivyo marudio yale, yanayodhaniwa kuwa ya kitoto, ndiyo yanayotudhihirishia mahakama ipimayo ukubwa wa mtu badala ya kupima alilolitenda. Tena adhabu yatangulia, na swali lafuata.

Hapa msomaji aweza kupinga: je, paa si ndiye aliyeangusha buyu? Basi haki imetendeka. Twasema hapo ndipo ulipo ustadi wa hadithi. Hukumu imesibu, lakini njia yake ni batili. Katika sheria ya Kiislamu iliyohukumiwa na makadhi wa Unguja, ushahidi ni juu ya mdai, na yamini ni juu ya akanaye. Na katika madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata Waislamu wengi wa kisiwa hiki, yajulikana kanuni kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema. Wanafunzi hawakuleta shahidi, hawakumwapisha mtu. Wamefanya kimya kuwa ungamo. Angalikuwa paa hana hatia, ila ameshikwa na hofu, angalikufa vile vile.

Kwa hiyo hatukubali kwamba hadithi hii yaidhihaki sheria. Yawadhihaki waliotaka hukumu bila ya sheria, nao ni watu wema, wenye uchungu wa mwalimu wao. Na hilo ndilo linalotutia hofu baada ya kucheka. Waswahili husema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wanafunzi wa Goso waliishika nusu ya kwanza, wakaisahau ya pili. Mwenye kuisomesha hadithi hii na asiishie katika mnyororo. Na awaulize wanafunzi wake, paa angalisema nini lau angalipewa nafasi ya kusema?