Kulinganisha na Kupatanisha

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo watu wengi huyatumia kama ndugu pacha, walakini hayakuzaliwa siku moja. Neno la kwanza ni kulinganisha, na la pili ni kupatanisha. Kulinganisha ni kuweka kitu mbele ya kingine, au mbele ya kipimo, ili ijulikane kama ni sawa au si sawa. Kupatanisha ni kuwafanya waliotofautiana wakae pamoja kwa ridhaa. Pishi hulinganishwa na pishi; mume na mke hupatanishwa. Mtu anayetengeneza nyuzi za kinanda yasemwa kuwa analinganisha sauti, na msemaji mwingine husema kuwa anazipatanisha, wala msikilizaji haulizi tofauti. Insha hii yauliza tofauti hiyo, kwa sababu kimeingia mikononi mwetu chombo kinachojua neno la kwanza peke yake, nacho chaanza kuheshimiwa kana kwamba chayajua yote mawili.

Chombo chenyewe ni kipima sauti cha elektroniki. Hapo zamani kilikuwa sanduku zito. Mwaka 1936 kampuni ya Conn ya Marekani ilitoa chombo kilichoitwa Stroboconn, chenye visahani vya kuzunguka na taa za kumweka. Sauti ikiwa sahihi, michoro ya kisahani huonekana imesimama tuli, na ikiwa imepanda au imeshuka, michoro hukimbilia upande mmoja au wa pili. Leo kazi hiyo hufanywa na programu ndogo ndani ya simu ya mkononi. Kioo huandika jina la sauti, sindano hutikisika, na inapofika katikati rangi ya kijani huwaka. Kipimo chake ni senti. Lakini si senti ya fedha, bali ni hesabu ya Mwingereza Alexander John Ellis, aliyoitangaza mwaka 1885. Kwa hesabu hiyo oktava moja ina senti 1200, na kila nusu ya sauti katika piano ina senti 100. Ni hesabu safi, wala sina neno baya juu yake.

Nilikutana na jambo hili Kasingirima, katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Katika nyumba moja palikuwa na piano kuukuu iliyokaa miaka mingi bila kuguswa na fundi. Hali ya hewa ya kando ya Ziwa Tanganyika haina huruma kwa chombo cha namna hiyo: masika huupa ubao unyevu ukavimba, na kiangazi huunyang'anya unyevu huo ukanywea, na kila mara nyuzi hubadilika pamoja na ubao. Kijana mmoja mpenzi wa muziki alijitolea kuitengeneza. Hakuwa na mwalimu. Alikuwa na ufunguo wa kukazia vigingi, na simu yake. Alifanya kazi siku mbili, uzi baada ya uzi, wala hakuuacha hata mmoja mpaka kijani kimewaka.

Jioni ya siku ya pili watu walikusanyika kusikiliza. Piano ilipigwa. Haikuwa mbaya, walakini haikupendeza. Sauti zake zilikuwa kama watu waliovaa sare moja lakini hawajuani. Mzee mmoja, mwamba ngoma wa siku nyingi, alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango. Alipoulizwa alisema kwa upole kwamba kila uzi anausikia, ila hasikii shauri lao moja. Kijana alimpelekea simu akasema, "Babu, tazama mwenyewe, zote ni kijani." Mzee akamjibu, "Mjukuu wangu, mimi sikuja kutazama."

Baadhi ya watu walicheka, wakidhani mzee amekwepa hoja. Mimi naona aliigusa. Piano ina vitufe 88, na nyuzi zaidi ya 200, maana vitufe vingi vina nyuzi tatu tatu. Nyuzi zote hizo zimevutwa juu ya ubao mmoja, na nguvu ya mvuto wao kwa jumla hupita tani 15. Uzi mmoja ukikazwa, ubao huukubali mzigo kidogo, na nyuzi nyingine hulegea. Kwa hiyo katika piano iliyoshuka sana, uzi uliokuwa kijani asubuhi si kijani tena jioni, ingawa hakuna mkono uliougusa. Mwenye kupima nyuzi moja moja hudhani kila mmoja uko peke yake. Kumbe zote ni wapangaji wa nyumba moja, na mmoja akisogeza kitanda mwingine hukosa usingizi.

Tena, nyuzi tatu za kitufe kimoja zaweza kuonekana sahihi kila mmoja mbele ya sindano, kila mmoja umekosea kwa kadiri ndogo isiyoonekana, lakini zikipigwa pamoja zikagombana. Ugomvi huo husikika kama mpwito, sauti ikipanda na kushuka mfano wa pumzi ya mtu alalaye. Sikio hata la mtoto laweza kuusikia mpwito, na uzi ukivutwa polepole mpwito hupungua, hupungua, hata ukatulia. Hapo nyuzi tatu zimekuwa sauti moja, nazo zimepatana.

Jambo la tatu ni la ndani zaidi. Uzi wa chuma ni mgumu, na kwa ugumu wake sauti ndogo zilizofichika ndani ya sauti kubwa hupanda juu kuliko hesabu inavyotaka. Mwaka 1938 O. L. Railsback alionyesha kwa vipimo kwamba mafundi hodari wa piano hawafuati senti 1200 kwa kila oktava: sauti nene huzishusha kidogo chini ya hesabu, na sauti nyembamba huzipandisha kidogo juu yake. Mafundi hao hawakuwa wakikosea. Walikuwa wakisikiliza piano iliyo mbele yao, na kila piano ina ugumu wake. Programu nyepesi isiyojua jambo hili huzibana oktava zote katika kipimo kimoja, na piano ikasikika imefinyika. Programu bora zilizotengenezwa mahsusi kwa piano huanza kwa kuisikiliza piano yenyewe, kisha ndipo hupiga hesabu. Yaani hata chombo, kilipotaka kuendelea, kililazimika kuazima kitu kinachofanana na sikio.

Sheria hii si ya Wazungu peke yao. Ng'ambo ya mpaka wetu, katika Burundi, iko inanga, kinanda cha ubao uliochongwa mfano wa karai refu, ambacho mpigaji hukiimbia kwa mnong'ono. Uzi wake ni mmoja tu, unaokwenda na kurudi juu ya ubao mara kadhaa. Anayevuta sehemu moja huvuta na jirani yake. Mpigaji wa inanga hajapata kuambiwa kwamba sauti hutengenezwa moja moja. Mikono yake yajua tangu siku ya kwanza kwamba kukaza hapa ni kulegeza pale. Piano ni inanga kubwa iliyoficha uzi wake mmoja ndani ya ubao.

Sipendi nieleweke kuwa nalaani chombo. Fundi wa piano ni nadra katika nchi yetu, na kumwita kutoka mbali ni gharama ambayo shule au kanisa dogo haliwezi kuibeba. Aghalabu piano huachwa mpaka ikawa meza ya kuwekea vitabu. Chombo kinachomwezesha kijana wa Kasingirima kuifufua ni neema, na asiyekubali hivyo ni mwivu. Yule kijana alirudia kazi. Safari hii alitumia simu kwa uzi wa katikati tu wa kila kitufe, akaziba nyuzi za pembeni kwa vipande vya kitambaa. Kisha akazifungua mmoja mmoja na kuupatanisha na mwenzake kwa sikio, mpaka mpwito utulie. Alizunguka piano yote mara tatu, kwa kuwa ubao ulihitaji kuzoea mzigo wake mpya. Mwisho wake ulikuwa mzuri, na mzee hakuulizwa. Alisogeza mkeka karibu.

Laiti habari ingaliishia hapo, nisingaliandika. Lakini baada ya kazi ile kijana alipata sifa, na sifa ikampa ujasiri, akaanza kuielekeza simu kwa kila kinachotoa sauti. Siku moja binti mdogo aliimba wimbo aliofunzwa na bibi yake. Sindano ikaenda kushoto, ikaenda kulia, na kijani hakikuwaka. Kijana akamwambia, bila ubaya wowote, kwamba sauti yake ya tatu iko chini. Binti akanyamaza. Aliombwa aendelee, akatikisa kichwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba chombo kimevuka mpaka wake, na kwamba hasara yake si ya piano.

Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Kila kipimo kiliwambwa na mtu, na mtu huyo alivutia kwake. Sindano inapokaa katikati haituambii mahali ambapo sauti inapaswa kuwa kwa amri ya maumbile. Yatuambia mahali ambapo watu fulani walikubaliana. Mitetemo 440 kwa sekunde, ambayo simu huihesabu kuwa msingi wa yote, ilipatikana katika mkutano wa London mwaka 1939 na kuthibitishwa kuwa kipimo cha kimataifa mwaka 1955. Kuigawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa nako ni mapatano, na mapatano hayo yana gharama. Sauti ya tatu iliyo tamu kwa maumbile iko kwenye senti 386. Piano huiweka kwenye 400, kwa kuwa piano yataka kuhama kutoka ufunguo mmoja wa muziki hadi mwingine bila kutengenezwa upya. Wenye piano waliuza utamu kidogo wakanunua uhuru wa kuhama. Ni biashara halali. Lakini asiyeuza kitu halazimiki kulipa deni la muuzaji. Sauti ya binti yule ilikuwa chini ya mia nne, na huenda ilikuwa karibu na maumbile kuliko piano.

Mifano iko mingi katika Afrika ya Mashariki. Ilimba ya Wagogo, aliyoipeleka Hukwe Zawose katika majukwaa ya dunia, hutengenezwa kwa kufuata mfululizo wa sauti za asili, zile ambazo uzi mmoja huzaa zenyewe. Sauti ya saba ya mfululizo huo iko senti 969 juu ya msingi. Sindano ingeihukumu kuwa imeshuka kwa senti 31, na hukumu hiyo ingekuwa upuuzi. Uganda, Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa jumba la makumbusho la Kampala, alichapisha mwaka 1950 vipimo vya kinubi cha Waganda ambacho oktava yake ilikatwa hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa. Hatua kama hizo zingekuwa sawasawa kabisa, kila moja ingekuwa na senti 240, mahali ambapo piano haina kitufe. Katika taarabu ya Unguja, mpiga kanuni hupandisha na kushusha nyuzi zake kwa vikonyo vidogo ili azipate robo za sauti ambazo piano haina jina la kuziita. Itazameni tofauti: Wachsmann alipima ili ajue mpigaji ametaka nini. Kijana wetu alipima ili amwambie mwimbaji atake nini. Kupima ni kule kule, lakini adabu ni mbili.

Sisi watu wa fasihi tusijidhani tuko mbali na jambo hili. Neno mizani kwetu ni la dukani na ni la ushairi pia. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alichapisha mwaka 1954 kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi, na wengi wamemkumbuka kwa vina na mizani, kana kwamba alikuwa karani wa kuhesabu silabi. Wamesahau kwamba kwake shairi na wimbo ni jamaa moja, na kwamba shairi lisiloimbika lilikuwa kwake shairi lisilo maana. Hesabu ya silabi aliifanya kuwa mtumishi wa koo. Tumesoma mashairi mengi yenye mizani timilifu, nane kwa nane, kina kwa kina, ambayo hayana uhai; ni piano ya siku ya pili, kijani tupu. Na tumesoma wahakiki ambao hukutana na utungo wa namna wasiyoizoea, wakaunyooshea kipimo, wakauona umepungua, wakafunga kitabu. Kosa lao ni lile lile la kumnyamazisha binti.

Basi mwenye chombo na akitumie, lakini ajiulize maswali mawili kabla ya kukiamini. La kwanza: kipimo hiki kiliwambwa na nani, na kwa kazi gani? La pili: kitu ninachokipima kimekubali kuwa katika mapatano hayo? Piano imekubali, kwa kuwa ilizaliwa ndani yake. Na hata piano yataka sikio liwe hakimu wa mwisho. Ngoma inayokanzwa motoni haikukubali. Wimbo wa bibi haukukubali.

Nilipoondoka Kasingirima piano ilikuwa ikipigwa vizuri, nami nilimshukuru kijana kwa dhati. Nilimwomba jambo moja tu: siku atakapomkuta tena yule binti, aiweke simu mfukoni, na amwombe amfundishe wimbo ule.