Saa na Zamu: Kuusoma Mchezo wa Maisha Kutoka Ifakara

Kuna kiumbe cha miraba mitano ambacho wanahisabati wamekisifu kwa zaidi ya miaka 50, na sifa yake kubwa ni kwamba kinatembea. Nataka kukisoma kama tunavyomsoma mhusika wa hadithi: anatoka wapi, nani anambeba, na mtunzi wake ametuachia nini bila kutuambia.

Hadithi yenyewe ni Mchezo wa Maisha. Aliubuni John Horton Conway, mwanahisabati Mwingereza wa Cambridge, na dunia iliufahamu Oktoba 1970 pale Martin Gardner alipouandika katika safu yake kwenye jarida la Scientific American. Ndio mfano mashuhuri kuliko yote wa kile kinachoitwa otomata za seli. Chukua karatasi ya daftari la hesabu. Kila mraba ama ni hai ama ni mfu, na una majirani wanane. Mraba hai wenye majirani hai wawili au watatu unaendelea kuishi. Wakipungua au wakizidi hapo, unakufa. Mraba mfu wenye majirani hai watatu kamili unazaliwa. Basi. Hakuna kanuni ya kutembea.

Lakini weka miraba mitano hai hivi: mmoja juu katikati, mmoja chini yake upande wa kulia, na mitatu mfululizo kwenye mstari wa tatu. Fuata kanuni kwa vizazi vinne. Umbo litabadilika mara tatu, na mara ya nne litarudi kuwa lilelile, ila limesogea mraba mmoja chini na mmoja kulia. Umbo hili ndilo glaida, na aliyeligundua ni Richard Guy, mwenzake Conway, alipokuwa akifuatilia umbo jingine kwa mkono. Novemba ya mwaka huohuo wa 1970, Bill Gosper na wenzake wa MIT walipata umbo linalotema glaida mpya kila baada ya vizazi 30, wakajishindia dola 50 ambazo Conway alikuwa ameziahidi.

Nimelitazama umbo hili mara nyingi kwenye simu, hapa Ifakara, umeme ukiwepo na hata usipokuwepo. Linavutia. Linakatiza kioo kwa mshazari kama mtu anayejua aendako. Hata hivyo, ukiufuata mraba mmoja mmoja, utakuta jambo jingine. Kati ya ile mitano ya mwanzo, mraba mmoja tu ndio unaoonekana hai tena baada ya vizazi vinne, na hata huo ulikufa kizazi cha tatu ukazaliwa upya. Kwa hiyo katika safari ya hatua moja tu, wote watano wamekufa angalau mara moja. Hakuna kilichohama. Kilichosafiri ni umbo, likiacha nyuma miili iliyolifanya.

Hapo mchezo una ukweli mzito, nami nauheshimu. Mji kama Ifakara nao ni umbo. Waliokuwa hapa walipokuwepo Wajerumani hawapo tena, wengine wameingia kutoka Usukuma, Iringa na Songea, na bado tunasema ni mji uleule.

Shaka yangu iko kwenye saa. Kanuni za Conway zinadai kwamba miraba yote ihesabu majirani wake na kubadilika kwa wakati mmoja, papo hapo. Jaribu kuivunja kanuni hiyo. Anza na ule mraba wa juu peke yake: una jirani hai mmoja tu, kwa hiyo uue sasa hivi, kabla ya wengine kuhesabu. Kuna mraba mfu upande wa kushoto uliokuwa ukiutegemea kama mmoja wa wazazi wake watatu. Sasa amebakiwa na wawili, na hazaliwi. Glaida imekufa kabla haijapiga hatua. Safari yote ile ya kupendeza inategemea saa moja kuu ambayo hakuna mraba unaoweza kuibishia.

Na saa hiyo haikuwepo hata siku ya kwanza. Conway na wenzake walicheza kwa kete za mchezo wa Go, ubaoni, kwa vidole. Mkono hauwezi kugusa kete zote pamoja. Ndiyo maana Gardner aliwaelekeza wasomaji kwanza waweke alama kwenye zitakazokufa na penye zitakazozaliwa, kisha ndipo waondoe na kuongeza. Kazi ilifanywa kwa zamu, halafu ikahesabiwa kama imetokea mara moja. Mfanyakazi akafutwa kwenye hadithi.

Kwa anayelima mpunga katika bonde la Kilombero hili si jambo dogo. Majaruba yetu, yakitazamwa kutoka juu, ni ile karatasi ya hesabu. Lakini kwenye skimu kama za Mkula na Msolwa Ujamaa, chini ya milima ya Udzungwa, maji hayafiki kila jaruba kwa pamoja. Yanaanzia kwenye banio, yanashuka mfereji, na mwenye jaruba la mwisho anasubiri. Akichelewa maji, anachelewa kupanda. Akichelewa kupanda, mpunga wake unabaki shambani wa wengine ukishavunwa, na kwelea wote wanakuwa wageni wake. Nimeshakaa kuamia ndege kwenye shamba la namna hiyo. Ushauri wa kupanda kwa pamoja ni mzuri, na wakulima wanaujua. Anayeutoa amechora miraba yenye saa moja. Anayeupokea ana miraba yenye mfereji mmoja.

Je, umbo haliwezi kutembea bila saa hiyo? Linaweza, na jibu liko kwenye bao. Chukua ubao wa bao la kete, na kwa kujaribu tu, nje ya ushindani, weka kete 3, 2 na 1 katika mashimo matatu yanayofuatana, na mbele yake shimo tupu. Chota zile 3 na uzigawe mbele. Penye 2 panakuwa 3, penye 1 panakuwa 2, na shimo tupu linapata 1. Kete ya mwisho imeangukia patupu, umelala. Tazama sasa: 3, 2, 1, yaleyale, hatua moja mbele. Rudia, na msafara utazunguka mashimo yako yote 16. Wanahisabati wanaochunguza michezo ya aina hii wanayajua vizuri makundi haya yanayoandamana.

Hapa hakuna saa. Kuna zamu. Shimo la nyuma ndilo huanza, nalo hubaki tupu ili walio mbele wajazwe. Ukikosea zamu, ukachota zile 2 kwanza, unabaki na 3, 0, 2, 1, na msafara umekatika. Tena tofauti na glaida, kete zinahama kweli: kila hatua inagharimu kete tatu zilizobebwa mkononi, na anayezibeba anaonekana.

Sisemi bao ni bora kuliko Mchezo wa Maisha. Kwa maumbo ya Conway imethibitishwa kwamba mtu anaweza kujenga kompyuta nzima, ishara zake zikiwa glaida zinazogongana. Kete zangu sita zinajua kuandamana tu. Ninachokosoa ni jina na mazoea yaliyolifuata. Miraba kama hii imetumika kuiga moto wa nyika na kuenea kwa magonjwa, na mtazamaji wa kioo huona wimbi likisogea bila mtu. Nikioneshwa mchoro kama huo wa bonde letu, swali langu la kwanza litakuwa miraba ile inabadilika kwa saa au kwa zamu. Kama ni kwa zamu, la pili litakuwa nani yuko mwisho wa mfereji.